Nyumba Moja, Hesabu Tatu: Maandishi ya Seyyida Salme na Uhakiki wa Familia ya Dini Mbili

1. Utangulizi

Maandishi ya Seyyida Salme binti Said bin Sultan, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete, yamezoeleka kusomwa kwa njia mbili. Wapo wanaoyasoma kama hati ya historia ya Unguja katika karne ya 19. Humo hutafuta habari za majumba ya Sultani, za mashamba, za utumwa, na za ugomvi wa Majid na Barghash. Wapo pia wanaoyasoma kama kisa cha mapenzi, kisa cha binti wa mfalme aliyeacha kwao kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Njia ya kwanza humfanya mwandishi kuwa shahidi tu. Ya pili humfanya kuwa mhusika wa hadithi. Katika zote mbili, mwandishi mwenyewe, yaani mtu aliyeketi na kalamu akachagua neno hili na kuliacha lile, hupotea machoni petu.

Makala haya yanakusudia kushika njia ya tatu. Tutajaribu kuonyesha kwamba maandishi haya ni kazi ya mama aliyekuwa akilea watoto katika nyumba yenye dini zaidi ya moja, na kwamba umbo lake, kwa fani na kwa maudhui, linatokana na hali hiyo. Swali la kama Salme alifanya vema au vibaya kuacha dini ya baba yake si swali la mhakiki, na limekwisha kuchukua nafasi kubwa mno katika mazungumzo yetu. Swali letu ni jingine: je, nyumba kama ile husemwaje? Kwa maneno gani, na kwa kumwelekea nani?

Swali hili si la Hamburg ya mwaka 1870 pekee. Tumeliuliza tukimfikiria msomaji aliyeko Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Huko wenyeji ni Wasomali wafugaji, na upande wa msitu wa Boni wako Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni. Karibu wote ni Waislamu. Wakristo wanaoishi huko ni hasa watu waliotoka sehemu nyingine za nchi kwa ajili ya kazi: walimu, wauguzi, askari na watumishi wa serikali. Katika mashambulizi ya Mandera ya Novemba na Desemba 2014, na katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wauaji waliwatenga watu kwa dini kabla ya kuwaua. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliondoka katika eneo zima la Kaskazini Mashariki. Katika nchi ambamo swali la dini ya mtu limewahi kuulizwa kwa mtutu wa bunduki, nyumba ambayo mume angelijibu hivi na mke vile si jambo la udadisi wa kitaaluma. Ni nyumba inayohitaji lugha ya kujieleza, na uhakiki una wajibu wa kuchunguza kama lugha hiyo ipo.

2. Maneno tuliyo nayo

Yafaa kuanza na msamiati. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kuingia katika dini na kutoka. Mtu husilimu, hubatizwa, huokoka. Mtu huritadi, na aliyeritadi huitwa murtadi. Kuna majina ya walio nje: kafiri, na katika maandishi ya zamani Mnasara kwa Mkristo. Kisomali nacho kina neno gaal kwa asiye Mwislamu. Maneno yote haya yana mwendo ndani yake: yanamchukua mtu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi upande wa pili, au yanamweka nje ya mpaka. Lakini tukitafuta kitenzi cha mtu anayebaki katika dini yake huku akiishi katika ndoa na mtu wa dini nyingine, hatukipati. Hatuna budi kutumia maelezo marefu, au kusema kwamba watu hao "wamechanganya dini", msemo ambao tayari umekwisha kuwahukumu.

Pengo hilo halikutokana na ukosefu wa watu wa namna hiyo. Sheria ya Kiislamu yenyewe inawatambua kwa upande mmoja: aya ya tano ya Sura ya Maida inamruhusu Mwislamu mwanamume kuoa mwanamke mwema katika Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, wala haikumlazimisha mke huyo aache dini yake. Kwa upande wa pili, yaani Mwislamu mwanamke na mume asiye Mwislamu, wanazuoni wa kale walikubaliana kwamba ndoa hiyo haisihi. Kwa hiyo mapokeo yana mlango ulio wazi na mlango uliofungwa. Salme alipita katika mlango uliofungwa, na jambo hili ndilo linalofafanua mengi ya yale anayoyasema na anayoyanyamazia.

Mahali ambapo lugha zetu zina utajiri ni katika ukwe na ujomba. Katika Kisomali, neno xidid lina maana ya mzizi, na pia lina maana ya uhusiano wa ukwe. Watu wa upande wa mama huitwa reer abti, yaani watu wa mjomba. Mswahili naye husema "ujombani", na anajua kwamba huko ndiko mtoto anakopata huruma asiyoidai kwa haki ya nasaba. Nyumba ya dini mbili, ikitazamwa kwa macho haya, ni nyumba ambayo mtoto ana ujombani kwenye sala nyingine. Hili ni jambo linalosemeka. Tutaona kwamba ndilo hasa Salme alilojaribu kulisema katika lugha ambayo haikuwa na neno lake.

3. Vitabu viwili, wasikilizaji wawili

Habari za maisha yake zinajulikana. Tuzitaje kwa ufupi. Alizaliwa mwaka 1844 katika Beit el-Mtoni, mama yake akiwa Jilfidan, suria Msirkasi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Akiwa Aden alijifungua mtoto wa kiume, ambaye alifariki angali mchanga. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Walizaa watoto watatu huko Hamburg, na mwaka 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu. Mjane huyo, katika miaka yake ya ishirini, alibaki Ujerumani na watoto watatu wadogo.

Kitabu chake cha Kumbukumbu kilichapishwa Berlin mwaka 1886. Kazi ya pili, Barua za Nyumbani, haikuchapishwa akiwa hai. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993 na kwa Kijerumani mwaka 1999. Wahakiki wengi huzichukua Barua kama mwendelezo wa Kumbukumbu: ya kwanza yasimulia Unguja, ya pili yasimulia Ujerumani. Kwa mpangilio wa matukio hilo ni kweli, lakini lililo muhimu zaidi ni nani anayeambiwa.

Kumbukumbu, kama mwandishi anavyoeleza katika dibaji, hapo awali ziliandikwa kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi kuhusu asili ya mama yao. Barua, kwa upande wake, zinaelekezwa kwa rafiki wa kike aliyeko Unguja, asiyetajwa jina. Basi tunaye mwandishi mmoja mwenye wasikilizaji wawili. Kwa watoto waliobatizwa anaeleza Ramadhani, Idi ndogo na Idi kubwa, mavazi ya wanawake, malezi ya watoto wachanga, na maziko. Kwa rafiki Mwislamu anaeleza baridi, nyumba za milango iliyofungwa, jamii ya mume wake, na dini ambayo aliingia akiijua kwa jina zaidi kuliko kwa moyo. Kila kitabu kinamfafanulia mtu mmoja ulimwengu wa yule wa pili, na hakuna hata kimoja kinachowaweka wasikilizaji hao wawili katika chumba kimoja.

Hapa ndipo tunapoona umbo la nyumba ya dini mbili. Tatizo la nyumba hiyo si kwamba watu wake wanagombana kila siku juu ya imani. Katika maandishi haya ugomvi wa namna hiyo ni haba. Tatizo ni kwamba mtu mmoja amebeba kazi ya mkalimani kwa pande mbili zisizozungumza. Mama anawaeleza wanawe jinsi babu yao alivyosali, kisha anageuka kumweleza rafiki yake jinsi wanawe wanavyosali. Yeye mwenyewe, alipo katikati, hapati wa kumsikiliza. Katika Kumbukumbu, anaposimulia safari yake ya kurudi Unguja mwaka 1885, anajipima kama alivyotoka na kama alivyo sasa, na katika mizani zote mbili anajiona amepungua. Wasomaji wengi wameichukua kauli hiyo kuwa ni majuto. Sisi tunaiona kuwa maelezo sahihi ya lugha: katika kila lugha aliyokuwa nayo, neno la kumtaja lilikuwa neno la upungufu.

4. Beit el-Mtoni na kisa cha lugha

Mwanaisimu atavutwa na sura za mwanzo za Kumbukumbu. Salme anasimulia kwamba katika nyumba ya baba yake palisikika lugha nyingi: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kisirkasi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Mbele ya Sultani ilipasa kusemwa Kiarabu tu. Alipogeuka, kila mtu alirudi kwenye lugha yake. Ni dhahiri kwamba nyumba ile iliyoitwa ya Kiislamu na ya Kiarabu ilikuwa ndani yake na watu walioletwa kutoka nchi mbalimbali, na wengine wao, Wahabeshi hasa, walitoka katika nchi yenye Wakristo wengi. Umoja wa dini na wa lugha ulikuwepo mbele ya baba. Nyuma yake palikuwa na kumbukumbu za mama.

Hatuna haja ya kuipamba hali hiyo. Masuria hao hawakuja kwa hiari, na amani ya nyumba yao ilijengwa juu ya kununuliwa kwao. Lakini kwa fani jambo hili lina uzito. Salme aliyelelewa katika nyumba ambamo dini ya baba ilitawala na asili ya mama ikabaki mnong'ono, alijenga Hamburg nyumba ya namna ileile, ila safari hii mnong'ono ulikuwa wake mwenyewe. Watoto wake walikua katika Kijerumani na katika kanisa, na Kiarabu na Kiswahili vya mama havikuwa lugha za nyumba. Mwenye mamlaka hakuwa tena Sultani bali mazingira yote ya mji.

Kuna tukio dogo ambalo msomaji wa Hulugho atalitambua upesi kuliko msomaji wa Berlin. Salme anaeleza kwamba chuoni walijifunza kwa kutumia mfupa wa bega la ngamia badala ya kibao, na kwamba yeye alijifunza kuandika kwa siri, kwa kuiga herufi za Kurani, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Katika duksi za Kaskazini Mashariki watoto huandika aya juu ya mbao, ambazo Wasomali huziita loox. Mkono ulioandika Kumbukumbu kwa ajili ya watoto Wakristo ulipata ujuzi wake wa kwanza katika herufi za Kurani. Mhakiki anayetaka kutenganisha Salme Mwislamu na Emily Mkristo akumbuke kwamba wote wawili walitumia mkono mmoja.

5. Majina na hesabu ya mtoto

Sasa tuyatazame majina. Watoto watatu waliitwa Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Kila jina lina sehemu mbili: ya kwanza ya Kijerumani, ambayo shule na kanisa viliitumia, na ya pili ya Unguja, ambayo hakuna ofisi ya Hamburg iliyoihitaji. Mvulana alichukua jina la babu mzaa mama. Mama mwenyewe alibadilisha jina lake la kuzaliwa pamoja na jina la ukoo, jambo ambalo mwanamke wa Kisomali hafanyi hata anapoolewa, kwa kuwa hubaki na jina la baba yake na la babu yake maisha yote. Salme aliacha majina yake yote mawili, kisha akaficha majina ya Unguja katika majina ya watoto wake.

Rudolph ndiye anayelifikisha suala letu mbali zaidi. Mwaka 1901 alimwoa Berlin Mary Therese Mathias, aliyetoka katika familia ya Kiyahudi. Kwa hiyo katika vizazi vitatu, kutoka Beit el-Mtoni hadi Berlin, ukoo mmoja uligusa Uislamu, Ukristo na Uyahudi. Tunaona ajabu kwamba jambo hili, ambalo lingekuwa msingi wa masomo mengi, hutajwa kwa sentensi moja au halitajwi kabisa.

Zingatia hesabu za wajukuu wa Salme. Sheria ya Kiyahudi humhesabu mtoto kwa mama. Nasaba ya Kiarabu, kama abtirsi ya Kisomali, humhesabu kwa baba, babu na baba wa babu; kwa hesabu hiyo mjukuu wa Salme si wa ukoo wa Busaidi, kwa maana mnyororo umekatika kwa mwanamke. Kanisa halimhesabu kwa mama wala kwa baba. Humhesabu kwa maji ya ubatizo. Mtoto mmoja, nyumba moja, hesabu tatu, na kila hesabu ni kamilifu kwa wenyewe. Pasipokuwa na ugomvi wowote kati ya mume na mke, mtoto huyo tayari ni mtu watatu tofauti katika madaftari matatu.

Tukiwa na picha hiyo, tuchukue mfano wa nyumba ya Hulugho: mume Msomali, mke Mkristo aliyekuja kufundisha akaolewa bila kuacha dini yake. Mtoto wao ataifahamu abtirsi ya baba bila kikwazo. Hesabu hiyo haimuulizi mama dini yake. Lakini reer abti wake watakuwa watu wanaokwenda kanisani Jumapili. Mume akifariki, mirathi yake itafuata sheria ya Kiislamu, ambayo kwayo asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, ingawa mume angeweza kumwachia mkewe wasia usiozidi theluthi moja. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 170, inaipa mahakama ya Kadhi uwezo pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimeikubali. Mama huyo, kama Salme alivyodai urithi wake mwaka 1885 asipewe, atajikuta akisimama mbele ya mlango ambao mtoto wake anaruhusiwa kuingia. Tofauti ni kwamba Salme alikuwa mrithi aliyeondoka, na huyu ni mke aliyebaki. Lugha yetu, kama tulivyoona, ina jina kwa wa kwanza, na haina kwa wa pili.

6. Upungufu wa maandishi

Haitakuwa haki kuyasifu maandishi haya bila kuyapima. Upungufu wa kwanza ni kimya cha Kumbukumbu kuhusu jambo ambalo kitabu kinalizunguka. Mwandishi anayeeleza kwa kurasa nyingi desturi za ndoa za wengine anaipitia ndoa yake mwenyewe upesi mno, na ubatizo anaugusa kwa ufupi zaidi. Huenda alikuwa akiwahurumia watoto, au akijihadhari na wasomaji wa Ulaya. Vyovyote iwavyo, mahali ambapo dini mbili zinakutana ndipo mwandishi anapoondoka.

Upungufu wa pili ni utetezi wake wa utumwa. Katika kutaka kuonyesha kwamba jamii ya Kiislamu haikuwa ya kikatili kama Wazungu walivyodhani, anaufanya utumwa kuwa desturi ya upole. Hapa kazi ya ukalimani inamharibia hukumu. Mtu anayewatetea wa kwao mbele ya wageni huona vigumu kukiri dhambi ya nyumbani. Na nyumba ya dini mbili humweka mtu katika utetezi huo kila siku. Hatusemi hivyo ili kumsamehe, bali ili kueleza kosa lilikotoka.

Upungufu wa tatu, nao ni mkubwa zaidi kwa hoja yetu, ni kwamba watoto hawasemi. Wamepelekewa kitabu kizima, wala hatusikii walivyokipokea. Jibu pekee tulilo nalo liko nje ya maandishi ya mama: mwaka 1929 Rudolph alichapisha London kitabu kuhusu Said bin Sultan, babu yake mzaa mama. Mtoto aliyezaliwa Hamburg na kubatizwa, aliyeoa katika familia ya Kiyahudi, akiwa karibu na miaka sitini aliandika historia ya mtawala Mwislamu wa Oman na Unguja. Kwa hesabu ya nasaba hakuwa na haki yoyote ya kufanya hivyo. Kwa hesabu ya Kiswahili alikuwa akienda ujombani.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maandishi ya Seyyida Salme yanasomeka vema zaidi yakichukuliwa kuwa maandishi ya familia ya dini mbili kuliko yakichukuliwa kuwa ushahidi wa historia au kisa cha mapenzi. Wasikilizaji wake wawili, majina ya watoto yenye sehemu mbili, lugha za nyumbani zilizonong'onwa, na kimya chake kuhusu ubatizo, vyote vinafafanuliwa na hali moja: alikuwa mkalimani katika nyumba yake mwenyewe.

Tunatoa mapendekezo mawili kwa walimu wenzetu. La kwanza, Kumbukumbu na Barua zisomeshwe pamoja, wala si kwa vipande. Anayesoma kitabu kimoja amesikia nusu ya mazungumzo. La pili linawahusu watungaji wa kamusi. Tumekwisha kuona kwamba maneno yetu ya dini ni maneno ya kuvuka mpaka, ilhali maneno yetu ya ukoo yanaweza kumbeba mtu wa dini nyingine bila kumfukuza. Anayetafuta jina la mke Mkristo katika nyumba ya Kiislamu, au la mume Mkristo wa mke Myahudi, asianzie katika msamiati wa misikiti na makanisa. Aanzie katika ukwe na ujomba. Mtoto wa Hulugho akiulizwa watu wa mama yake ni nani, jibu lenye heshima lipo tayari katika lugha zake zote mbili: hao ni wajomba zangu. Kazi ya uhakiki ni kuhakikisha kwamba jibu hilo linatosha, na kwamba hakuna anayemlazimisha kutoa jingine.